Anageuka Akiitwa

Jumatatu, 5 Mei

Hapa Ruiru hakuna maji tena. Nimeoga kwa kikombe. Shuleni Thika nimefika kabla ya watoto, nikafagia darasa, nikabandika picha zetu upya ukutani: choo, maji, chakula, nje. Likizo ilizing'oa. Au panya.

Darasa letu ni la mwisho, karibu na jikoni. Watoto wa madarasa mengine hupaita "special" na kupita mbio, kana kwamba tunaambukiza.

Wambui amerudi na mama yake. Ana miaka minane, hasemi, haniangalii usoni. Amenyolewa kipara. Faith, mama yake, anasema mtoto alikuwa aking'oa nywele mwenyewe. Likizo yote alifungiwa chumbani kule Kiandutu, kufuli nje, televisheni ikiwaka ndani, kwa sababu Faith ni kibarua kiwandani na hakuna jirani anayekubali kukaa na mtoto huyu. Aliyasema haya akiangalia viatu vyake. Sikumlaumu. Nilimlaumu baadaye, nikiwa peke yangu, kisha nikajichukia.

Picha ya choo haitambui tena. Muhula wa kwanza uliisha akiibandua mwenyewe na kunitia mkononi. Leo ameitazama kama anavyotazama ukuta. Amejikojolea, nikambadilisha, akajikojolea tena.

Jambo moja limebaki. Nilisimama nyuma yake nikasema, "Wambui." Akageuka.

Muhula mzima nilikaa nyuma ya kiti chake na vipande vya mandazi. Naita jina, akigeuka, anapata kipande. Kisha kipande kidogo zaidi. Kisha makofi tu. Kisha hakuna kitu, jina peke yake. Nilidhani likizo imelila na hilo. Haikulila.

Jumatano, 7 Mei



Lori la maharagwe liliingia, mlinzi akaacha lango wazi akimwelekeza dereva. Nilikuwa namvisha mtoto mwingine suruali. Nilipoinua kichwa, kiti cha Wambui kilikuwa kitupu.

Nilimwona akiwa ameshapita lango. Anatembea kwa ncha za vidole, kama kawaida yake, moja kwa moja kuelekea barabarani. Malori ya viwandani hupita pale bila kupunguza mwendo. Nilikuwa mbali. Nisingemfikia. Nikaita jina lake. Sikujua nina sauti kama ile.

Akasimama ukingoni mwa lami. Akageuka. Lori likapita nyuma ya mgongo wake, gauni likapepea.

Mtu wa bodaboda akamshika mkono akaniletea. "Madam, huyu mtoi ana Mungu wake. Lakini Mungu pia huchoka. Mfunge kamba." Wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka. Sijui kwa nini nilicheka.

Mwalimu mkuu, Bwana Gitau, aliniita ofisini. Hakupiga kelele, hapigi kelele kamwe, na hilo ndilo baya. Alisema hawezi kuendelea kukaa na mtoto anayekimbilia barabarani. Kamati inayogawa wasaidizi wa darasa inakaa mwezi ujao. Niandike mpango wa msaada wa Wambui, familia iusaini. Akipewa mtu wa kumshika mkono, atabaki shuleni. Asipopewa, arudi nyumbani.

Nyumbani ni kufuli.

Jumamosi, 10 Mei

Nimeshinda ndani nikiandika mpango. Chini ya chumba changu wanauza vifaa vya ujenzi, na leo walikuwa wakikata vyuma tangu asubuhi.

Chuoni tulifundishwa kuanza na yale mtoto anayoyaweza. Kazini nimefundishwa mengine. Mwaka jana niliandika mpango mzuri wa mtoto mmoja: anapenda kuimba, anapanga vikombe kwa ukubwa, anajaribu kuvaa viatu. Kamati ikajibu kwamba mtoto anaendelea vizuri, msaada uende kwa wenye shida zaidi. Bwana Gitau aliniambia siku ile: "Mwalimu Njeri, kule hawagawi zawadi, wanagawa dawa. Onyesha ugonjwa." Walimu wote wa vitengo kama chetu wanalijua hili. Tunamchora mtoto vibaya kadiri tuwezavyo, ndipo asaidiwe.

Kwa hiyo nimechora. Hajui choo. Anauma. Anang'oa nywele. Anakimbia bila kujua hatari. Hasemi neno. Hawezi kujilisha bila kumwaga. Hawezi kuachwa peke yake hata kidogo.

Kuna nafasi ndogo ya kuandika anayoyaweza. Niliandika: hugeuka akiitwa jina lake. Nikaitazama sentensi hiyo hadi chai ikafanya utando. Nikaifuta. Wakiisoma watasema, basi mwiteni. Watasema mtoto anayesikia jina lake hahitaji mtu wa kumshika mkono.

Kila nilichoandika ni kweli. Hilo ndilo linalonikera.

Jumanne, 13 Mei

Baada ya masomo nimeandamana na Faith na Wambui hadi kwao Kiandutu. Mvua ya juzi imeacha matope kila mahali na mitaro imejaa. Chumba ni kimoja: kitanda, jiko, sufuria zimepangwa juu ili asizifikie. Upande wa ndani wa mlango, chini, mbao imeparuzwa hadi imekuwa nyeupe. Faith aliona nikiitazama. Akatundika leso juu yake.

Tumezungumza kuhusu saini. Faith hawezi kusaini peke yake. Mume wake, dereva wa lori, hashindi hapa sana; yuko safarini au kwa mama yake Ruiru. Na mama yake ndiye mwenye neno. Wambui ndiye binti wa kwanza wa mwanawe wa kwanza, kwa hiyo amepewa jina lake, kama desturi yetu ilivyo. Cucu Wambui, yaani nyanya, na Wambui mdogo. Jumapili kadhaa mtoto hupelekwa Ruiru kwa nyanya yake akiwa na gauni la kanisani. Cucu humkalisha katikati ya magoti na kumlisha kwa mkono wake, wageni wasione kwamba kijiko kinamshinda. Huwaambia watu kwamba hata yeye alichelewa kuongea, kwa hiyo mtoto amemfuata tu.

"Nimwambie nini, Mwalimu?" Faith aliuliza. "Nimwambie si kuchelewa? Yule ni mama mkwe."

Nikasema vizuri, Cucu aje mkutanoni. Familia yote ije. Nilifurahi hata. Chuoni walisema familia ikiwa kubwa, mpango husimama.

Ijumaa, 16 Mei

Kila Ijumaa, Faith akija kumchukua mtoto langoni, mimi humpa habari moja njema. Ndogo tu. Tulianza Januari. Yeye huingojea, huja akiwa tayari ameinamisha kichwa kama anayesikiliza redio.

Leo: Wambui amebandua picha ya maji ukutani, akanipa, akanywa, akairudisha. Hakuna aliyemwelekeza.

Faith alicheka akiziba mdomo kwa kiganja. "Hiyo pia utaisoma mkutanoni? Cucu aisikie?"

Nikasema tutaona.

Sitaisoma. Nilijua wakati nasema kwamba sitaisoma.

Alhamisi, 22 Mei

Nimeharibu kila kitu.

Walikuja kwa wakati. Cucu Wambui ni mrefu, mnyoofu, sweta ya kijani, kitambaa kichwani, viatu vimefutwa hadi vinang'aa. Mwanawe alimshika kiwiko. Alipomwona mtoto wake alimwambia, "Maitu, habari yako?" Mama yangu. Ndivyo wanaume wetu wanavyowaita mabinti waliobeba majina ya mama zao. Nilisikia. Masikio yangu yalisikia vizuri kabisa.

Cucu alinishika mkono kwa mikono miwili. Alisema kwa Kikuyu kwamba anamshukuru Mungu mtoto amepata mwalimu aliyesoma.

Bwana Gitau alifungua kwa maombi. Kisha akasema, "Mwalimu, soma yote, familia isikie, tusije tukalaumiana baadaye." Ndio utaratibu: mpango husomwa kwa sauti kabla ya kusainiwa.

Nikasoma.

Wambui hajui choo. Wambui anauma wenzake na walimu. Wambui hung'oa nywele zake. Wambui hukimbia ovyo. Wambui hawezi kujilisha. Wambui haelewi anaposemeshwa. Kila sentensi ilianza na jina, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa: usiandike "mtoto", andika jina, ni heshima. Nilisoma kwa sauti nzuri. Niliwaza kamati. Sikuinua macho.

Nilipoinua, Cucu alikuwa ameshasimama. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyevuliwa nguo barabarani. Faith alikuwa ameinamisha kichwa kama siku za Ijumaa, bado anangoja.

"Umemaliza, kairitu?" Msichana mdogo. Kana kwamba nimekuja kwake kuuza mayai.

Nikasema bado kuna ukurasa mmoja.

"Jina hilo ni langu," akasema. "Nimelibeba tangu nizaliwe. Nimebatizwa nalo, nimeolewa nalo, nimezika mume nalo. Sijawahi kuuma mtu."

Bwana Gitau akaanza, "Mama, hatukumaanisha wewe..."

"Haiya! Mlimaanisha nani? Mimi nikifa, nitabaki wapi kama si kwa huyu?" Alimnyooshea kidole Wambui, aliyekuwa sakafuni akizungusha kifuniko cha chupa. "Sasa mmeniandika. Nikifa, nitakayebaki ni huyo wa kwenye karatasi. Anayejikojolea."

Hakulia. Aliinama, akamnyanyua mtoto, akatoka. Mwanawe alibaki kidogo mlangoni. "Mwalimu, hiyo ilikuwa kali," akasema, kisha akamfuata mama yake. Faith alinitazama, akatoka pia.

Mimi ni Njeri. Nilipewa jina la nyanya yangu mzaa baba. Baba hakuwahi kunichapa. Alisema mkono wake haupandi juu ya mama yake. Baba mdogo bado husalimia kwenye simu: "Mama ameamkaje?" Akimaanisha mimi. Nimeishi ndani ya jambo hili maisha yangu yote. Halikunijia akilini hata mara moja. Nilikuwa nimesoma mno.

Ijumaa, 23 Mei

Kiti kitupu.

Faith alikuja saa ya kuchukua watoto, peke yake, akasimama mahali pake langoni. Cucu amemchukua Wambui. Amempeleka Ruiru na amesema hatarudi shule hii wala Kiandutu. Baba mtoto hakupinga.

Kisha Faith akasema jambo ambalo nitalala nalo muda mrefu. "Mwalimu, mbona hukusoma zile zetu? Za Ijumaa. Mimi nilikuwa nangoja. Nilimwambia Cucu njiani, ngoja usikie."

Nilimweleza kuhusu kamati. Kwamba ukiandika mazuri hawakupi mtu. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Sawa." Aliondoka bila habari, kwa sababu sikuwa nayo.

Jumapili, 25 Mei

Sikwenda kanisani. Nimelala nikitazama dari. Nilitaka kumpigia Mama, nikaacha. Angesema, "Na wewe Njeri, hata hilo?" Najua hata sauti ambayo angetumia.

Nimejitetea kichwani siku nzima. Msaidizi angepatikana. Mtoto angekuwa salama. Ukweli ni ukweli. Ni maneno mazuri, yamepangika, na hayanisaidii kitu.

Jumamosi, 31 Mei

Nyumba ya Cucu si mbali na kwangu. Nimepita nje ya lango lile mara ngapi nikienda sokoni bila kujua? Vyumba vya kupangisha mbele, nyumba yake ya mawe nyuma.

Nilibisha. Alikuja mwenyewe hadi langoni, hakulifungua. Tulizungumza kupitia tundu la mlango mdogo. Niliona jicho na kitambaa tu. Nikaomba msamaha. Nilikuwa nimeuandaa kwa Kikuyu, nikaukosea katikati.

"Mtoto anaendelea vizuri," akasema. "Tunamwombea. Kwangu hakimbii."

Nyuma yake nilisikia sauti ninayoijua. Wambui huvuma kama nyuki akiogopa. Niliita jina lake. Ilinitoka tu. Sauti ikakatika. Najua aligeuka, ingawa sikumwona.

Cucu akafunga tundu.

Jumatano, 4 Juni

Bwana Gitau ameuliza kama nitapeleka jina la mtoto mwingine kwa kamati. Wapo. Daima wapo. Nimemwomba anisubiri hadi wiki ijayo. Alikubali akiangalia dirishani.

Baridi imeingia. Asubuhi ukungu unaficha uwanja na watoto wanatokea humo mmoja mmoja. Kila anayetembea kwa ncha za vidole namdhania Wambui.

Jumapili, 8 Juni

Leo Cucu alituma mtu aniite. Mpangaji wake, mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Alisema tu, "Mama mwenye nyumba anakuita," na alikuwa na haraka ya kuondoka.

Lango lilikuwa wazi. Faith alikuwepo, ameketi kwenye kigoda kando ya ukuta. Wambui alikuwa kwenye baraza, leso imefungwa kiunoni mwake na ncha ya pili kwenye nguzo. Ilikuwa leso safi, imefungwa kwa fundo laini, chini yake kuna blanketi ili asiumie. Alikuwa amezunguka nguzo hadi leso ikaisha, akabaki hapo, paji la uso kwenye saruji. Nywele zilizokuwa zimeanza kuota zilikuwa zimeng'olewa upande mmoja.

"Sijamfunga kwa ubaya," Cucu akasema kabla sijasema. Alikunja mkono wa sweta ya kijani. Alama za meno, mpya juu ya za zamani. "Anatoka usiku. Anakula udongo wa maua. Nimemwombea, nimemkanya, nimelia naye. Ni mzee mimi." Alikuwa amepungua. Kitambaa hakikuwa kichwani, nywele zake zilikuwa nyeupe na chache, nikaangalia pembeni.

Akasema atasaini. Mwanawe atasaini pia, amekubali kwenye simu. Mtoto arudi shule, arudi kwa mama yake, apewe huyo mtu.

Nilianza kumshukuru. Kisha akatoa sharti.

"Ana jina la kanisa. Joy. Andika hilo. Langu litoe. Kwenye karatasi, darasani, mdomoni mwenu. Nyumbani pia nimeshawaambia."

Nilimwambia haiwezekani. Nilimweleza, haraka, vibaya, kuhusu lori. Jinsi mtoto alivyokuwa ukingoni mwa lami, jinsi nilivyoita, jinsi alivyogeuka. Jinsi nilivyomfundisha muhula mzima. "Cucu, hilo jina ndilo linalomsimamisha. Ndilo neno pekee analolijua duniani."

Alishusha mkono wa sweta. Nikadhani nimeshinda.

"Jina langu lilimwokoa barabarani?"

"Ndiyo, Cucu."

"Na hilo hukuliandika."

Ninalo jibu, lakini ni la ofisini. Haliwezi kusemwa barazani mbele ya mtu mwenye alama za meno mkononi.

"Uliandika nauma," akasema. "Ulikuwa na hilo la kunisimamisha mbele ya watu, ukaliacha. Basi nalichukua. Kuna mke wa mwanangu wa pili ana mimba. Akipata msichana, litakuwa na pa kwenda."

Nikamwangalia Faith. Hakuinua macho. Alisema kwa upole, kama anayejaribu kiatu, "Sasa mimi ni Mama Joy." Akatoa sauti kama ya kucheka.

Nilisema Joy halitamfaa, halijui.

"Hilo la kanisa halina mwenyewe," Cucu akasema. "Mwandike utakavyo."

Alimfungua mwenyewe. Fundo lilimshinda kidogo, vidole vyake havina nguvu, na hakukubali nimsaidie. Alipomaliza alimpangusa mtoto udongo mdomoni kwa ncha ya leso, polepole, kila kona, kisha akaingia ndani.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeandika mpango upya. Popote palipokuwa na Wambui, sasa ni Joy. Hajui choo, anauma, anang'oa nywele. Yote yako pale pale.

Ile nafasi ya anayoyaweza: nilifikiri sasa niirudishe ile sentensi. Hugeuka akiitwa jina lake. Nikaona kwamba si kweli tena. Nikaiacha tupu.

Baba mtoto alikuja asubuhi, akasaini akiwa amesimama, funguo za lori mkononi. Faith akasaini. Bwana Gitau akasaini. Mimi nikasaini. Tuliagana kwa heshima zote. Joy alikuwa amekaa chini ya meza. Baba yake aliinama kumuaga, akafungua mdomo, akaufunga. Hakujua amwite nani.

Jumatano, 18 Juni

Kamati imekubali. Bwana Gitau alinipa habari mbele ya walimu wote na wakapiga makofi. "Mmeona mpango ulioandikwa vizuri?" akasema. Mwalimu wa darasa la nne akanitania, "Njeri, nifundishe kuandika ubaya, nina watoto thelathini wa kuombea."

Nilikwenda chooni nikasimama humo hadi kengele.

Ijumaa, 20 Juni

Faith alisimama langoni. Nikampa habari: msaidizi anaanza wiki ijayo. Akasema asante, Mungu akubariki. Kisha akangoja, kichwa kimeinama. Alitaka ile nyingine, ndogo.

Nikasema leo amekula uji wote.

"Joy amekula uji wote," akarudia. Analifanyia mazoezi. Alisema jana usiku lilimtoka lile la zamani, gizani, na mtoto akageuka upande wake kitandani. "Nikanyamaza, Mwalimu. Nilijifanya nimelala."

Alhamisi, 26 Juni

Msaidizi anaitwa Lilian. Ana mikono mikubwa, mpole, anatoka Makongeni. Anamshika mtoto mkono kuanzia langoni na hamwachi. Barabara haimtishi tena mtu yeyote. Bwana Gitau amepita dirishani akatabasamu.

Asubuhi yote nilimsikia. "Joy. Joy, kuja. Joy, ona hapa. Joy!" Mtoto amekaa amempa mgongo, anazungusha kifuniko cha chupa.

Saa ya uji Lilian akanijia akanong'ona, "Madam, huyu haskii?"

"Anasikia," nikasema.

Nilikuwa nyuma ya kiti chake. Karibu vya kutosha kuona nywele zinaanza kuota tena, laini, kama za mtoto mchanga. Lile jina lilikuwa mdomoni mwangu. Lingetosha hata nikilisema kwa pumzi tu. Nilimeza mate.

Mchana nimejaza malengo ya muhula. La kwanza nimeandika: ageuke akiitwa jina lake.

Kesho nipitie mandazi.